Makopo 18 Yamekwenda Wapi? Kusimamia Idadi Katika Oda ya Uzalishaji

Kiwanda kidogo cha siagi ya karanga kimefungua oda ya makopo 480, kila kopo gramu 400. Zamu inapokwisha, msimamizi anahesabu makopo mazuri yanayostahili kuingia ghalani, anapata 462. Karanga zilizotolewa stoo zimekwisha zote. Anayeingiza taarifa kwenye kompyuta anaifungua oda, anafuta 480, anaweka 462, kisha anaifunga. Mfumo hauna lalamiko lolote, kwa kuwa kilichopangwa na kilichopatikana vimelingana. Lakini makopo 18 yamepotea mara mbili: kwanza kiwandani, halafu kwenye kumbukumbu.

Makala haya yanaeleza namna ya kusimamia idadi katika oda ya uzalishaji kwa kutumia programu ya biashara, na mfano wetu utakuwa huohuo wa siagi ya karanga. Hesabu ni za kufundishia, ila utaratibu ni uleule kwa sabuni, mafuta ya alizeti, unga wa lishe au sare za shule. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kiasi kilichopangwa kikishaidhinishwa, hakibadilishwi ili kifanane na matokeo. Tofauti huandikwa kuwa ni tofauti, pamoja na sababu yake.

Programu zenyewe ni nyingi. Nitataja ERPNext, iliyotengenezwa India, na Odoo, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP, kwa sababu zote mbili zina toleo huria ambalo kiwanda kidogo kinaweza kuanza nalo bila kulipia leseni. Seva, mtaalamu wa kuiweka na mafunzo ya wafanyakazi vitagharimu fedha, na hizo zitengwe mapema. Anayetumia programu nyingine atakuta mambo hayahaya kwa majina tofauti.

Namba tatu ndani ya oda moja

Oda ya uzalishaji ni agizo la ndani la kiwanda: tengeneza bidhaa hii, kiasi hiki, kwa fomula hii, ifikapo tarehe hii. Ndani yake mna namba tatu. Ya kwanza ni kiasi kilichopangwa. Ya pili ni malighafi iliyotoka stoo kwa ajili ya oda hiyo. Ya tatu ni bidhaa nzuri iliyopatikana. Kila moja ina mwenyewe: ya kwanza ni ya anayepanga, ya pili ni ya mtunza stoo, ya tatu ni ya msimamizi wa zamu. Mtu mmoja akiandika zote tatu akiwa amekaa ofisini, zitalingana daima, na kwa sababu hiyohiyo hazitamfundisha mtu chochote.

Thamani ya mfumo iko katika nafasi iliyopo kati ya namba hizo. Kati ya ya kwanza na ya tatu unaona kama ahadi kwa mteja imetimia. Kati ya ya pili na ya tatu unaona malighafi inavyopotea. Mwenye kiwanda anayezitazama hizo kila wiki ataijua biashara yake kuliko anayesubiri mhasibu amletee hesabu za mwaka.

480 imetoka wapi?

Joseph Orlicky wa kampuni ya IBM alichapisha mwaka 1975 kitabu kuhusu upangaji wa mahitaji ya malighafi, na wazo lake kuu ndilo linaloendesha programu hizi mpaka leo. Mahitaji ya bidhaa inayouzwa unaweza kuyakisia. Mahitaji ya malighafi hupaswi kuyakisia, kwa sababu yanatokana na bidhaa; unayakokotoa. Siagi inakisiwa, karanga zinakokotolewa.

Tuchukue wiki moja. Wateja wameagiza makopo 456. Kiwanda kimeamua kuwa na akiba ya tahadhari ya makopo 72, ili duka likiagiza ghafla lisirudi mikono mitupu. Mfumo unaonyesha kwamba ghalani yapo 84. Mwenye haraka atayatoa yote 84 kwenye hesabu. Lakini 36 kati ya hayo yamezuiwa yakisubiri majibu ya maabara, kwa hiyo ya kutegemea ni 48 tu. Basi 456 jumlisha 72, toa 48, tunapata 480. Kama yale 36 yasingetengwa ndani ya mfumo, kwenye ghala lake lenye jina la karantini, oda ingefunguliwa ya makopo 444, na upungufu ungejulikana siku ya kupakia gari.

Kuna kitu kingine cha kutoa ambacho wengi hukisahau: bidhaa zinazotarajiwa kutoka kwenye oda zilizo wazi. Mfumo ukijua kwamba oda nyingine bado inadaiwa makopo 100, utayahesabu kuwa yako njiani na kupunguza mahitaji mapya. Hilo ni jambo jema pale oda zilizo wazi zinapokuwa za kweli. Tutaona mbele madhara yake zisipokuwa za kweli.

Kisha linganisha idadi uliyopata na ukubwa wa vyombo vyako. Makopo 480 ni maboksi 20 kamili ya makopo 24. Hesabu ingeleta 470, ningeshauri ipandishwe hadi 480, kwa sababu boksi la mwisho lenye makopo 14 litakaa pembeni, litahesabiwa vibaya, na siku moja litauzwa kama boksi zima. Vivyo hivyo kwa mashine ya kukaangia: ikiwa inabeba kilo 50 kwa mkupuo, panga kwa mikupuo kamili kadiri mahitaji yanavyoruhusu.

Fomula ndiyo inayobeba kila kitu

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu makosa mengi ya idadi hayatokei siku ya kuzalisha. Yameandikwa miezi mingi nyuma, kwenye orodha ya malighafi, na kila oda inayarudia.

Kopo moja lina gramu 400 za siagi, hivyo makopo 480 ni kilo 192. Tuseme fomula yetu ni karanga zilizokaangwa na kumenywa asilimia 94, sukari asilimia 3, mafuta asilimia 2 na chumvi asilimia 1. Karanga safi zinazohitajika ni kilo 180.48, sukari kilo 5.76, mafuta kilo 3.84 na chumvi kilo 1.92. Ongeza makopo, vifuniko na lebo 480 za kila aina, na maboksi 20.

Lakini stoo haina karanga safi. Ina karanga mbichi zilizobanguliwa. Katika kilo 100 za karanga hizo, kiwanda chetu cha mfano kinapoteza kilo 12: unyevu unaotoka zikikaangwa, maganda mekundu, vijiwe, na mbegu mbovu zinazochambuliwa. Sasa, ili kupata kilo 180.48 safi, tutoe stoo kilo ngapi? Wengi watachukua 180.48 na kuongeza asilimia 12, wapate kilo 202.1. Hilo ni kosa. Upotevu unapimwa kwa kilo zilizoingia, wala si kwa zilizotoka. Njia sahihi ni kugawa: 180.48 gawanya kwa 0.88, sawa na kilo 205.1. Tofauti ya kilo 3 inaonekana ndogo, lakini ukitoa 202.1 utapata kilo 177.9 tu safi, na pengo la kilo 2.6 ni karibu makopo 7 ambayo hayatajazwa hata kama wafanyakazi watafanya kila kitu sawasawa. Watalaumiwa kwa kosa la hesabu iliyofanywa ofisini.

Jambo la pili ni upotevu usiofuata asilimia. Siagi inayobaki imeganda ndani ya mashine ya kusaga na ya kujazia, tuseme kilo 2, hubaki hivyohivyo uzalishe makopo 100 au 480. Kwa makopo 480 ni takriban asilimia 1. Kwa makopo 100, yaani kilo 40 za siagi, ni asilimia 5. Programu nyingi huzidisha fomula kwa idadi ya oda bila kujua hilo. Kwa hiyo ukiweka asilimia 1 kwenye fomula, oda ndogo zitapungukiwa kila mara. Ukiweka asilimia 5, oda kubwa zitatoa malighafi kupita kiasi, na ziada itatafuta mlango. Dawa ninayoipendelea ni kuwa na ukubwa wa kawaida wa bechi, uandike fomula kwa ukubwa huo, na ukatae oda ndogo zisizo na sababu. Ukilazimika kuwa na saizi mbili, tengeneza fomula mbili. Programu zote mbili nilizotaja zinakubali bidhaa moja kuwa na fomula zaidi ya moja.

La tatu ni vipimo. Karanga hununuliwa kwa gunia, zinatumika kwa kilo. Mfumo utakuruhusu kuandika kwamba gunia moja ni kilo 100 na kuendelea na maisha. Anayejua masoko yetu anajua kuna lumbesa, gunia lililojazwa hadi kushonewa kofia juu, na kuna gunia lililonyonywa njiani. Ukipokea magunia 10 na mfumo ukayageuza kuwa kilo 1,000 bila mzani, umeingiza uongo mlangoni, na kila oda itakayofuata itaubeba. Pima kila gunia linapoingia, andika kilo, na uache neno gunia libaki kwenye karatasi ya muuzaji.

Ikiwa kazi yako imekua, kata mchakato mara mbili: oda ya kwanza izae karanga safi, ya pili izae makopo ya siagi. Utapata mzani katikati, na ikitokea pengo utajua limetokea kwenye kukaanga au kwenye kujaza. Kwa kiwanda kinachoanza, oda moja inatosha.

Kutoa malighafi stoo

Oda ikishaidhinishwa, malighafi huhama kutoka stoo kwenda ghala la kazi inayoendelea. Hilo linaweza kuwa eneo la sakafu lililochorwa mstari wa rangi, lakini ndani ya mfumo lina jina lake na salio lake. Kilichotoka stoo bado hakijatumika. Kimehamia mikononi mwa msimamizi wa zamu, naye ndiye anayedaiwa.

Sukari inakuja kwenye mfuko wa kilo 25 na oda inataka kilo 5.76. Usimwambie mtunza stoo apime kwa kijiko. Toa mfuko mzima, uandike kilo 25, na baada ya kazi upime iliyobaki na kuirudisha kwa maandishi. Marejesho yasiyoandikwa ni chanzo kikubwa cha stoo kuwa na mali nyingi kuliko kitabu, hali ambayo watu hufurahia wakidhani ni faida.

Zamu ikihitaji malighafi zaidi, inatolewa kwa toleo la nyongeza chini ya namba ya oda ileile, na sababu inaandikwa. Karanga zisikopwe kutoka kwenye oda ya jirani. Zikikopwa, oda zote mbili zinapoteza ukweli wake.

Siku ya kufunga oda

Turudi kwenye makopo 462. Kilo 205.1 za karanga zimetumika, siagi ilikuwa kilo 192, na makopo 18 hayapo. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, tafuta yalikokwenda.

Kilo 2 zimebaki kwenye mashine, sawa na makopo 5. Tumebakiwa na kilo 190, zinazotosha makopo 475. Msimamizi akipima makopo kadhaa bila mpangilio maalumu anakuta wastani wa gramu 408, wakati lebo inasema 400. Kilo 190 kwa gramu 408 ni makopo 465. Hapo yamekwenda makopo 10, kijiko kwa kijiko, kama zawadi kwa wateja ambao hawakuiomba. Makopo 3 vifuniko vyake havikushika, yakatengwa. Matano, kumi, kisha matatu: ndiyo 18.

Tazama jinsi majibu yanavyotofautiana. Yale matano ni tabia ya mashine. Yaingizwe kwenye fomula, au kiwanda kizalishe bechi nyingi zinazofuatana kabla ya kuosha. Yale matatu ni ubora wa vifuniko, muuzaji aulizwe. Yale kumi ndiyo fedha kubwa, na hayatibiwi kwa kumkaripia mfanyakazi. Anajaza kupita kiasi kwa sababu anaogopa kupunja, na ana haki ya kuogopa: kopo lililopungua uzito ni kosa kisheria, na Wakala wa Vipimo nchini Tanzania hukagua bidhaa zilizofungashwa. Mpe mzani unaoaminika mezani na muda wa kuurekebisha kila zamu inapoanza. Kama oda ingefutwa 480 na kuandikwa 462, mazungumzo haya yote yasingekuwepo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Odoo, ukiandika 462 na kukamilisha, kwa kawaida itakuuliza kama unataka oda ya salio kwa makopo 18. Jiulize swali moja tu: je, makopo hayo 18 yatatengenezwa kweli kwa malighafi iliyopo kwenye oda hii? Ikiwa umeme ulikatika na karanga bado zipo, jibu ni ndiyo, fungua salio. Ikiwa karanga zimekwisha, jibu ni hapana. ERPNext ina sehemu ya kuandika kiasi kilichopotea katika uzalishaji; andika 462 yaliyopatikana na 18 yaliyopotea, na oda itahesabika imekamilika huku upotevu ukibaki unasomeka. Oda iliyokwama kwa sababu nyingine inaweza kusimamishwa kwa muda au kufungwa moja kwa moja.

Kinachofanyika sehemu nyingi ni kutochagua lolote. Oda inaachwa wazi ikiwa na makopo 18 yanayodaiwa. Kumbuka tulivyosema kwamba mfumo huhesabu oda zilizo wazi kama mzigo ulio njiani. Oda 12 za namna hiyo, kila moja na 18 zake, ni makopo 216 ya hewa. Siku ya kupanga wiki mpya mfumo utayatoa kwenye mahitaji, na kiwanda kitazalisha pungufu kwa maboksi 9 huku kila mtu akishangaa bidhaa zimeishaje. Pitia oda zilizo wazi kila Ijumaa. Ambayo haina malighafi wala mtu anayeifanyia kazi, ifungwe.

Kuna mpangilio mmoja ambao mtaalamu anayekuwekea programu lazima auzungumzie nawe, na asipouzungumzia, muulize. Unahusu namna mfumo unavyopunguza malighafi bidhaa inapoingizwa ghalani. ERPNext inakupa njia mbili: kupunguza kwa kufuata fomula, au kupunguza kwa kufuata kilichotolewa stoo. Kwa njia ya fomula, makopo 462 yatapunguza karanga za makopo 462, yaani takriban kilo 197.4. Kilo 7.7 zitabaki kwenye ghala la kazi inayoendelea, kwenye kitabu tu, maana sakafuni hazipo. Oda kama hiyo moja kila wiki, mwaka ukiisha kitabu kitadai kilo 400 za karanga ambazo hakuna awezaye kuzionyesha. Kwa njia ya pili, kilo zote 205.1 zinabebwa na makopo 462 na gharama halisi ya kopo inaonekana. Kwa viwanda vya chakula, ambako upotevu hubadilika kila siku, njia ya pili ndiyo ninayoishauri, mradi marejesho yaandikwe. Odoo yenyewe hukokotoa matumizi kwa kufuata fomula na kukuruhusu kuyasahihisha. Kwenye kila fomula unaweza kuamua kama matumizi tofauti yaruhusiwe, yaruhusiwe kwa onyo, au yazuiwe. Chagua onyo. Kuzuia kabisa huwafundisha watu kuandika kile mfumo unachotaka kusikia.

Gharama nayo inabadilika. Ikiwa bechi nzima imegharimu shilingi 1,440,000, kopo lilipangwa kuwa shilingi 3,000. Kwa makopo 462 ni karibu shilingi 3,117. Anayeuza kwa faida ya shilingi 300 kwa kopo amepoteza zaidi ya theluthi ya faida hiyo bila bei yoyote sokoni kupanda.

Na ikizidi? Siku nyingine unyevu ni mdogo, karanga ni safi, na makopo yanatoka 490. ERPNext haitakubali kupokea zaidi ya kilichopangwa mpaka uweke asilimia ya ziada inayoruhusiwa. Weka ndogo, kama 3. Ziada ikipita hapo, msimamizi asimame na kuuliza kabla ya kufurahi: huenda makopo yamejazwa pungufu.

Mteja akibadili nia katikati

Mteja anapiga simu anataka maboksi matano zaidi. Ikiwa malighafi bado haijatolewa, badilisha kiasi kilichopangwa bila wasiwasi, kwa idhini ya aliyepanga. Huo ni mpango mpya, hauna matokeo ya kuficha. Odoo hukuruhusu kubadili kiasi cha oda iliyothibitishwa na kukokotoa malighafi upya. Katika ERPNext oda iliyowasilishwa hufutwa rasmi na kutolewa nakala iliyorekebishwa. Kazi ikiwa imeshaanza, acha oda ya kwanza iishe kama ilivyo na ufungue ya pili kwa nyongeza. Oda mbili zinazosomeka ni bora kuliko moja iliyonyooshwa. Akitaka kupunguza, funga oda kwa kilichokwisha kutengenezwa na urudishe malighafi stoo.

Idadi ni afya ya mlaji pia

Karanga zina hatari ambayo sabuni haina: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoksini). Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla isiyozidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya karanga, na aina ya B1 isizidi 5. Kukaanga hakuiondoi yote. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo. Kiwanda kikipata agizo kama hilo, swali la kwanza ni makopo mangapi, ya bechi gani, yako wapi. Mwenye namba za bechi kwenye kila oda, kuanzia shehena ya karanga iliyoingia hadi ankara ya duka, atarudisha maboksi yanayohusika. Asiye nazo atarudisha kila kitu, au atakaa kimya, na ukimya huo ni hatari kwa watoto wanaokula mkate wenye siagi asubuhi.

Kwa sababu ya sumukuvu hiyo, zile kilo 12 za upotevu katika kila kilo 100 zisiandikwe kama namba moja. Unyevu hauonekani, unapatikana kwa kutoa. Maganda yapimwe. Na mbegu zilizochambuliwa kwa kuwa zimesinyaa, zimebadilika rangi au zimeota ukungu zipimwe peke yake, kwa sababu ndizo zinazobeba sumukuvu kwa wingi. Ziandikwe kwenye oda kama taka, zenye uzito, tarehe na jina la aliyeshuhudia zikiharibiwa. Mbegu mbovu zisizo na uzito kwenye kitabu huishia sokoni kwa bei ya chini, au kwenye chakula cha kuku na ng'ombe, na kutoka hapo zinarudi mezani kwetu. Kati ya yote niliyoandika, hili ndilo ninaloomba lisipuuzwe.

Nani aguse nini

Toa haki za kuingia kwenye mfumo kwa kufuata zile namba tatu. Anayepanga afungue na kuidhinisha oda. Mtunza stoo atoe na kupokea marejesho. Msimamizi aingize bidhaa na upotevu. Kiwanda chenye watu wanne hakitaweza kutenganisha yote, lakini angalau anayetoa karanga asiwe ndiye anayehesabu makopo. Programu hizi hutunza kumbukumbu ya nani alibadili nini na lini, hivyo kila mtu awe na nywila yake, isiyoazimwa.

Sakafuni, tumia fomu ya karatasi yenye namba ya oda na nafasi za kilo zilizoingia, makopo mazuri, makopo mabovu na sababu. Umeme hukatika na intaneti hupotea, karatasi itasubiri. Taarifa ziingizwe kwenye mfumo zamu hiyohiyo au asubuhi inayofuata, kabla kazi nyingine haijaanza, kwa sababu baada ya siku tatu hakuna anayekumbuka kama ni 462 au 426.

Usianze na bidhaa zote. Chagua moja, ile unayoiuza zaidi. Pima malighafi yake kwa mzani kwa oda tano zinazofuatana, andika namba tatu za kila oda bila kuzirekebisha, na sahihisha fomula kwa wastani utakaoupata kabla ya kuingiza bidhaa ya pili. Na leo, kabla hujafunga kompyuta, fungua orodha ya oda zako zilizo wazi, itafute ya zamani kuliko zote, na umuulize msimamizi wa zamu kilichobaki kwenye oda hiyo kiko wapi.